KELELE AU MUZIKI? SIFA ZA SAUTI YA ROKI KWA MSIKILIZAJI MWENYE MASIKIO MEPESI

Ikisiri

Makala haya yanachunguza sifa za sauti katika muziki wa roki kwa mtazamo wa msikilizaji mwenye masikio mepesi, yaani mtu ambaye sauti za kawaida humwumiza au humchosha upesi kuliko wenzake. Yanadai kwamba ukubwa wa sauti ni sifa moja tu miongoni mwa nyingi, na kwamba neno "kelele" linazifunika sifa hizo badala ya kuzieleza. Kwa kutumia mifano ya ngoma na mazingira ya pwani ya Malindi na Kilifi, makala yanaonyesha kuwa Kiswahili kina msamiati wa kutosha wa kutenganisha mkwaruzo, mrindimo, unyende, kishindo na mvumo. Mwishoni tumependekeza somo moja la darasani.

1.0 Utangulizi

Mwandishi wa makala haya alilelewa Malindi, si mbali na soko. Tangu utotoni masikio yake yalikuwa mepesi. Kijiko kilipokwaruza sufuria, meno yalimshika ganzi. Kipaza sauti kilipopiga mbinja katika sherehe ya arusi, alitoka mbio na kwenda kujificha nyuma ya nyumba, na jamaa wakasema kuwa mtoto huyu ana maringo. Siku moja shuleni aliziba masikio wakati wa gwaride, bendi ilipokuwa ikipiga. Mwalimu alimtaka aeleze sababu. Jibu lake lilikuwa fupi: "Kelele, mwalimu."

Msomaji wa Kiswahili ameshang'amua balaa lililofuata. "Kelele!" katika vinywa vya wazee wa pwani si jina tu la sauti inayokera, ni amri ya kunyamaza. Mtoto alikusudia kueleza maumivu yake, naye mwalimu akasikia mwanafunzi akimwambia anyamaze. Adhabu ikatolewa. Kosa halikuwa la mwalimu peke yake wala la mtoto peke yake. Mtoto alikuwa na maumivu mengi na neno moja.

Miaka mingi baadaye, mwandishi alikaa chumba kimoja na mwanafunzi mwenzake aliyependa muziki wa roki. Alitarajia mateso. Ajabu ni kwamba gitaa lile lililonguruma halikumsumbua sana. Mara nyingine lilimtuliza hata akaweza kusoma. Lililomfukuza chumbani lilikuwa jambo dogo: mwenzake akikoroga chai kwa kijiko cha chuma katika kikombe cha bati. Inakuwaje mtu akimbie kijiko na kuvumilia gitaa la umeme? Swali hilo ndilo lililozaa makala haya.

2.0 Dhana ya masikio mepesi

Katika Kiswahili husema mtu mwepesi wa hasira au mwepesi wa machozi, tukiwa na maana kwamba kitu kidogo chamtosha kuathirika. Kwa kuigiza muundo huo, tunamwita msikilizaji tunayemzungumzia mtu mwenye masikio mepesi. Istilahi hii haina maana kwamba anasikia vitu vya mbali kuliko wengine. Upimaji wa masikio waweza kuonyesha kuwa yu sawa na wenzake. Tofauti ni jinsi mwili na ubongo wake unavyoipokea sauti baada ya kuisikia.

Hali hii ina sura kadhaa. Kuna wale ambao sauti za wastani, kama vyombo vinavyogongana jikoni, huwafikia kama pigo. Kuna wanaochukia sauti mahususi, kwa mfano mtu anapotafuna au anapovuta kamasi. Hali hii ilipewa jina la kitaalamu mwaka 2001. Kuna wagonjwa wa kipandauso, ambao wakati wa maumivu hawataki hata mnong'ono. Na kuna watu wenye usonji. Mwaka 2013, mwongozo wa utambuzi wa Chama cha Madaktari wa Akili cha Marekani uliweka wepesi au uzito usio wa kawaida wa kupokea hisi, ikiwemo sauti, miongoni mwa dalili za usonji. Kabla ya hapo jambo hilo lilijulikana na wazazi na walimu wengi, lakini halikuwa limeorodheshwa rasmi katika vigezo vya mwongozo huo.

Hapa lugha yetu inatupa msaada usiotarajiwa. Kitenzi "kusikia" hakihusu sikio peke yake. Twasikia harufu, twasikia baridi, twasikia njaa, twasikia uchungu. Mzungumzaji wa Kiswahili hupokea kwa kitenzi kimoja mambo ambayo lugha nyingine huyagawa kwa hisi mbalimbali. Mtu mwenye masikio mepesi akisema kwamba anaisikia sauti mgongoni, tumboni au katika meno, hatumii tamathali ngeni. Anatumia Kiswahili sanifu.

3.0 Sifa tano za sauti ya roki

Roki ni muziki uliochipuka Marekani katika miaka ya 1950 na kuenea ulimwenguni. Vyombo vyake vya msingi ni gitaa la umeme, gitaa la besi, ngoma na matoazi, pamoja na sauti ya mwimbaji. Tutazichambua sifa zake moja baada ya nyingine, kwa kuwa kila moja humgusa msikilizaji wetu kwa namna yake.

3.1 Mkwaruzo

Sifa inayoitambulisha roki kwa haraka ni gitaa lenye mkwaruzo. Chanzo chake ni rahisi kukieleza. Wimbi la sauti lina vilele na mabonde. Kikuza sauti kikilazimishwa kupitisha wimbi kubwa kuliko uwezo wake, vilele hukatwa na kuwa bapa. Wimbi lililokatwa hivyo huzaa sauti nyingi ndogondogo juu ya ile ya msingi, na sikio huzipokea kama ukali na ukwaruzaji. Wapigaji wa mwanzo waliupata mkwaruzo huu kwa kuharibu vifaa. Link Wray wa Marekani alitoboa spika yake ili apate mlio wa "Rumble", kibao cha mwaka 1958 kisicho na maneno hata moja, ambacho hata hivyo baadhi ya vituo vya redio vilikipiga marufuku. Dave Davies wa kundi la Kinks la Uingereza aliichana spika yake kwa wembe kabla ya kurekodi "You Really Got Me" mwaka 1964.

Kwa nini mkwaruzo usisimue mwili? Utafiti uliochapishwa katika jarida la Current Biology mwaka 2015 ulionyesha kwamba yowe la binadamu mwenye hofu hutofautiana na usemi wa kawaida kwa jinsi ukubwa wa sauti unavyopanda na kushuka kwa kasi sana, kati ya mara 30 na 150 kwa sekunde. Mpando na mshuko huo wa kasi ndio sikio linaouita ukwaruzo. Gitaa lenye mkwaruzo linabisha hodi katika mlango uleule wa hofu. Msikilizaji wa kawaida hufurahia kubishiwa hodi akijua kuwa hakuna mwizi. Mwenye masikio mepesi huenda akafungua mlango kila mara.

Hata hivyo, mkwaruzo una upande wa pili ambao aghalabu husahauliwa. Vilele vikishakatwa, tofauti kati ya sauti kubwa na ndogo hupungua. Gitaa hutoa mvumo mmoja mrefu uliosawazika, usio na mapigo makali ya ghafla. Hapa ndipo lilipo jibu la kwanza la swali letu la kijiko. Mgongano wa kijiko na kikombe ni mfupi, mwembamba na wa ghafla. Mvumo wa gitaa ni mnene, mrefu na wa kutabirika. Ni sauti mbili tofauti kabisa, ingawa zote mbili huitwa kelele.

3.2 Mrindimo

Waya wa chini kabisa wa gitaa la besi hutetema takriban mara 41 kwa sekunde. Sauti za kina hiki, zikipigwa kwa nguvu, husikika kifuani na katika nyayo, si masikioni tu. Kiswahili kina neno lake: mrindimo. Baadhi ya watu wenye masikio mepesi huupenda, kwa kuwa huwashika na kuwatuliza kama blanketi zito. Wengine huhisi kana kwamba moyo wao umeporwa mapigo yake. Hakuna kanuni moja hapa, na mwalimu asidhani kuwa kinachomtuliza mwanafunzi mmoja kitamtuliza mwingine.

Inafaa kukumbuka kwamba vizibo vya masikio vya sponji hupunguza sauti nyembamba kuliko nzito. Aliyeviva atapona unyende, lakini mrindimo utamfikia vilevile kupitia sakafu na mifupa.

3.3 Unyende

Sikio la binadamu ni jepesi zaidi kwa sauti zenye mitetemo kati ya 2,000 na 5,000 kwa sekunde. Katika eneo hilo ndimo hukaa kilio cha mtoto mchanga, mbinja ya kipaza sauti na sehemu kubwa ya mlio wa matoazi. Tunapendekeza neno "unyende" kwa sifa hii: sauti nyembamba, kali, inayochoma. Katika roki unyende hutoka hasa kwa matoazi, kwa sauti ya juu ya mwimbaji, na kwa gitaa linaposogezwa karibu na spika yake hadi sauti ikazunguka na kujizidisha yenyewe.

Kwa wasikilizaji wengi wenye masikio mepesi, adui si gitaa wala ngoma bali matoazi. Jambo hili lina faida ya moja kwa moja. Redio na simu nyingi zina mahali pa kupunguza sauti za juu bila kupunguza za chini. Anayejua kwamba kinachomuumiza ni unyende atagusa kitufe hicho. Anayejua tu kwamba muziki "una kelele" atauzima.

3.4 Kishindo

Kishindo ni sauti ya ghafla. Misuli midogo ndani ya sikio hukaza ili kulikinga dhidi ya sauti kubwa, lakini huchelewa kidogo. Kishindo hupita kabla mlango haujafungwa. Ndiyo maana wimbo wenye sauti kubwa tangu mwanzo hadi mwisho waweza kuvumilika kuliko wimbo mpole unaoripuka ghafla.

Mfano bora umetoka kwa mwana wa pwani hii hii ya Waswahili. Freddie Mercury, ambaye jina lake la kuzaliwa lilikuwa Farrokh Bulsara, alizaliwa Unguja mwaka 1946 na kuondoka na wazazi wake kwenda Uingereza mwaka 1964. Utungo wake "Bohemian Rhapsody", uliotolewa na kundi la Queen mwaka 1975, huchukua karibu dakika sita. Huanza kwa sauti za waimbaji bila ala, ukafuata kinanda, kisha gitaa, kisha majibizano ya sauti nyingi kwa mtindo wa opera, kisha roki yenye nguvu, na mwisho hurudi katika upole na kufungwa kwa pigo moja laini la gongo. Msikilizaji wetu akiusikia mara ya kwanza hushtuka kila mlango unapofunguliwa. Akiusikia mara ya kumi, anajua mlango uko wapi, na mshtuko hugeuka kuwa matarajio. Sauti haikubadilika; kilichobadilika ni ujuzi wa msikilizaji.

3.5 Urudiaji

Sifa ya tano ni urudiaji. Nyimbo nyingi za roki hujengwa juu ya kifungu kifupi cha gitaa kinachorudiwarudiwa, juu ya pigo la nne nne lisiloyumba. Mhakiki anayetafuta utata wa kimuziki huenda akaona hapo upungufu. Kwa mtu anayeishi akitazamia kishindo kila upande, urudiaji ni ukuta wa kuegemea. Anajua kitakachofuata. Tukiongeza kwamba yeye mwenyewe ndiye aliyeuchagua wimbo, akaweka kiwango na anaweza kuuzima, tunapata jibu la pili la swali la kijiko: kijiko ki mikononi mwa mtu mwingine.

3.6 Tahadhari

Kuvumilia si kinga. Shirika la Afya Duniani linashauri kwamba anayesikiliza kwa kiwango cha desibeli 80 asizidishe saa 40 kwa wiki, na kila nyongeza ya desibeli 3 hupunguza muda huo kwa nusu. Mwaka 2022 shirika hilo lilipendekeza kumbi za burudani zisizidi wastani wa desibeli 100 kwa kila dakika 15. Kundi la The Who lilipimwa kuwa na desibeli 126 kwa umbali wa mita 32 mwaka 1976 na kuingizwa katika kitabu cha rekodi cha Guinness. Mpigagitaa wake, Pete Townshend, amezungumza hadharani mara nyingi juu ya masikio yake yaliyoharibika. Kwa upande wa pili, wataalamu huonya kwamba kuziba masikio kutwa nzima, hata mahali penye utulivu, kwaweza kuyazidisha wepesi. Vizibo ni mwavuli: hufunguliwa mvua inaponyesha.

4.0 Je, mkwaruzo ni mgeni pwani?

Huenda msomaji akauliza roki inahusu nini na Malindi. Hoja yetu ni kwamba sifa tulizozitaja hazikuja na gitaa la umeme. Pwani ilizijua zamani, na ilijua kuzipangia mahali pake.

Vasco da Gama alipotia nanga Malindi mwezi Aprili mwaka 1498, mwandishi wa kumbukumbu za safari ile alieleza jinsi mfalme wa Malindi alivyokuja na wapuliza nafiri wengi, pamoja na pembe mbili za ndovu zilizonakshiwa, zenye urefu wa mtu, zilizopulizwa kupitia tundu la ubavuni. Hizo ni siwa. Mlio wa siwa si mwororo. Ni mnene, wenye mvumo, na uliokusudiwa kufika mbali. Hata hivyo, mgeni yule alisifu jinsi siwa na nafiri zilivyoafikiana. Sauti kubwa yenye mahali na sababu yake ilipokewa kama muziki hata na sikio geni.

Katika ngoma za Wamijikenda, kama vile mwanzele na gonda, ala muhimu ni kayamba. Ala hii bapa hutengenezwa kwa matete au mabua yaliyofungwa pamoja, na ndani yake hutiwa mbegu kavu. Ikitikiswa hutoa mchakacho usiokoma, kama mvua juu ya makuti. Kimazingira ya sauti, mchakacho huo na mlio wa matoazi ni ndugu: sauti nyingi za juu zilizochanganyika. Lakini kayamba haina ncha. Huinuka na kushuka kwa mkono wa mchezaji, na ndiyo maana wapo wanaokimbia matoazi lakini hulala usingizi kayamba ikilia.

Zumari hutoa mlio mkali usiokatika, kwa sababu mpulizaji huhifadhi pumzi mashavuni na kuvuta nyingine puani. Mwanza, ngoma ya msuguano ya wazee wa Kigiriama, haipigwi bali husuguliwa, nayo hutoa mngurumo kama wa mnyama. Asiyepitishwa hana ruhusa ya kuiona, huisikia tu kutoka mbali. Mngurumo huo ulikusudiwa kutia hofu na heshima. Mpigaji wa roki aliyechana spika yake kwa wembe alikuwa akiitafuta hofu ileile, ingawa yeye hakuwa na wazee wa kumwambia ni lini aipige na nani asiisikie.

Tofauti iko hapo. Mngurumo wa mwanza ulikuwa na siku yake, mahali pake na watu wake. Leo spika kubwa inaweza kuwekwa mbele ya duka lolote mjini Malindi, tangu asubuhi hadi usiku, na mpita njia hana hiari. Wahenga walisema ngoma ikivuma sana hupasuka. Walichosahau kutaja ni kwamba pengine sikio hupasuka kwanza.

5.0 Neno "kelele" na msamiati mbadala

Neno "kelele" ni hukumu, si maelezo. Hutuambia kwamba msemaji hakuipenda sauti, bila kutuambia sauti ilikuwaje. Mtu akisema "roki ni kelele", mjadala umefungwa, kama ulivyofungwa siku ile ya gwaride.

Inashangaza kwamba sheria imetutangulia wanalugha katika jambo hili. Kanuni za Kenya za mwaka 2009 za kudhibiti kelele na mitetemo iliyozidi, zilizotungwa chini ya sheria ya mazingira, hazitazami ukubwa wa sauti peke yake. Huruhusu kuangalia pia saa ya siku, ukaribu na makazi ya watu, kama sauti ni ya kurudiarudia, ya kukatikakatika au ya mfululizo, na kama imekuzwa kwa mitambo. Ikiwa mwanasheria anaona haja ya kutenganisha mfululizo na mkatiko, mwanafunzi wa Kiswahili hana udhuru.

Tunapendekeza msamiati ufuatao, ambao wote umo tayari katika lugha:

(a) Mkwaruzo – sauti ya vitu vigumu vinavyosuguana, gitaa lililolazimishwa.
(b) Mrindimo – sauti nzito inayotikisa; besi na ngoma kubwa.
(c) Unyende – sauti nyembamba inayochoma. Matoazi na mbinja ya kipaza sauti.
(d) Kishindo – sauti ya ghafla; mwanzo wa ngoma baada ya ukimya.
(e) Mvumo – sauti ndefu isiyokatika. Gitaa linaloachwa lilie, bahari kwenye mwamba.
(f) Mchakacho – sauti nyingi ndogo kavu. Kayamba, majani makavu.
(g) Mngurumo – sauti nzito yenye mkwaruzo. Mwanza, radi ya mbali.
(h) Mwangwi – sauti inayorudi baada ya chanzo kunyamaza.

Vivumishi navyo vina kazi. Kiswahili huazima hisi nyingine ili kueleza sauti: sauti nyororo na ya kukwaruza (mguso), sauti tamu (ladha), sauti nene na nyembamba (umbo), sauti kavu (unyevu). Tanakali za sauti hutufikisha mbali zaidi. Kuanguka majini chubwi, kuanguka mchangani tifu na kuanguka sakafuni pu ni maanguko matatu yenye masikio matatu. Kwa bahati mbaya, tanakali hufundishwa shuleni kama orodha ya kukariri kwa ajili ya mtihani, ilhali ni chombo cha usikivu.

6.0 Pendekezo la somo

Somo hili limekusudiwa darasa la fasihi au la stadi za kusikiliza, na laweza kukamilika katika vipindi viwili.

Hatua ya kwanza, wanafunzi watoke nje. Walio Kilifi wanaweza kusimama karibu na daraja lililofunguliwa mwaka 1991 na kusikiliza malori yakipita. Walio karibu na Watamu waende magofu ya Gede, ambako majani makavu huchakachika chini ya miguu. Walio Malindi wasimame sokoni. Kila mmoja aandike sauti tano bila kutumia neno "kelele", wala "nzuri", wala "mbaya".

Hatua ya pili, darasani, mwalimu apige wimbo mmoja wa roki kwa kiwango cha chini. Kabla ya kuanza aeleze wimbo una urefu gani na sauti itapanda wapi. Mwanafunzi yeyote awe na ruhusa ya kutoka bila kuulizwa. Kisha waandike aya moja. Hapa pana mfano:

"Wimbo unaanza kwa gitaa moja lenye sauti nyororo, kama maji yanayomiminwa mtungini. Baada ya nusu dakika ngoma zinaingia kwa kishindo. Gitaa la pili linakwaruza kama mtumbwi unaoburutwa juu ya changarawe, lakini halipandi wala halishuki, nikalizoea. Besi inarindima kifuani. Matoazi yana unyende. Hapo ndipo nilipotamani kuziba masikio. Wimbo unaishia kwa mvumo mrefu unaofifia kama gari linalokwenda zake."

Mwanafunzi aliyeandika hivi hakusema kama anaipenda roki. Amesema jambo lenye manufaa zaidi: kitu gani kilimuumiza, na wapi.

Hatua ya tatu, walinganishe aya zao. Wataona kwamba wimbo mmoja umewafikia kwa namna mbalimbali. Mjadala huo utamfaa mwenye masikio mepesi, ambaye pengine ni mara yake ya kwanza kusikilizwa. Utawafaa pia wenzake, watakaoanza kujua wenyewe wakati wa kupunguza sauti.

7.0 Hitimisho

Tumeona kwamba roki si sauti moja bali ni mkusanyiko wa sifa, na kwamba msikilizaji mwenye masikio mepesi anaweza kukataa moja na kukumbatia nyingine. Tumeona pia kwamba sifa hizo hazikuwa ngeni pwani. Siwa, zumari, kayamba na mwanza zilizibeba kabla ya umeme kufika. Kilichokosekana si msamiati. Kilichokosekana ni mazoea ya kuutumia.

Mwandishi amewahi kujiuliza angejibu nini lau angesimamishwa tena mbele ya gwaride lile. Leo angesema: "Mwalimu, ngoma hazinisumbui. Matoazi yana unyende unaonichoma meno, nami sijui yatalia lini. Naomba nisimame mstari wa nyuma." Huenda mwalimu angekataa. Lakini angekuwa amekataa ombi, si kuadhibu tusi ambalo halikutolewa.

Maswali ya kujadili

1. Methali "Debe shinda haliachi kutika" na "Ngoma ivumayo haidumu" zinatumia vitenzi gani vya sauti, na kila kimoja kinaeleza sifa ipi?
2. Kusanya maneno matano ya sauti kutoka kwa wazee wa mtaani kwako ambayo hayamo katika orodha ya sehemu ya 5.0. Eleza kila moja kwa mfano.
3. "Sauti ikichaguliwa ni muziki, ikilazimishwa ni kelele." Jadili kauli hii kwa kurejelea mazingira ya mji wako.